Meli Haikufa kwa Uzee: Dhana Potofu Kuhusu Usafiri wa Umma Ziwa Tanganyika

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha Kigoma, acha siasa na mpira. Uliza tu kwa nini meli ya abiria, MV Liemba, ilisimama. Kuanzia sokoni Mwanga hadi mwaloni Kibirizi kila mtu ana jibu lake, na analitoa kwa uhakika kama vile alikuwepo ofisini siku uamuzi ulipotolewa. Nimekusanya hapa majibu yanayorudiwa sana. Mengi yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yapotoshe.

Dhana: Liemba ilisimama kwa sababu imezeeka

Kwamba ni mzee, hakuna anayebisha. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha takribani 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda treni ya Reli ya Kati kuja kuunganishwa upya hapa Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili adui asiitumie, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua.

Hebu tafakari habari hiyo. Mitambo ilikaa majini miaka na ikafanya kazi tena, kwa sababu mtu aliitunza kabla ya kuiacha. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikafungwa za dizeli. Mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark. Kila ilipotengenezwa sawasawa ilipata miaka mingine ya kazi. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi ya kula chuma kama bahari, ndiyo maana meli za maziwani huishi umri ambao meli ya baharini haiuoti. MV Victoria ya kule Mwanza ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilirudi safarini 2020 baada ya kukarabatiwa.

Kinachoua meli ni tengenezo lililoahirishwa. Meli inatakiwa kupandishwa kwenye chelezo, yaani mahali pa kuitoa majini kwa matengenezo, kwa kipindi maalumu, tumbo lisuguliwe, na bati zipimwe unene. Mkaguzi hupita na kipimo, anaandika namba kwa chaki juu ya chuma: hapa pazima, hapa pamekonda, hapa pakatwe. Ukikosa fedha mwaka huu ukasema tutapandisha mwakani, bati chache zilizokonda hazikusubiri. Ukiahirisha mara kadhaa, kazi ya kubadilisha bati chache imegeuka kazi ya kubadilisha tumbo zima, na hapo hakuna tena mapato ya tiketi yanayoweza kuibeba. Liemba iliposimama mwishoni mwa miaka ya 2010 ilihitaji ukarabati wa aina hiyo. Mkataba ulisainiwa mwaka 2023, na mmoja wa wakandarasi ni kiwanda cha meli cha Kroatia.

Dhana: Bunge limepitisha, kwa hiyo pesa ipo

Hili huwachanganya hata wasomi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Bajeti ya Wizara ya Uchukuzi husomwa Dodoma kabla ya hapo, wabunge wanapiga makofi, redio inatangaza mabilioni ya meli, na Kigoma tunashangilia. Namba iliyosomwa pale ni kibali cha kutumia. Fedha yenyewe hutoka Hazina kwa mafungu, kadiri makusanyo yanavyoruhusu na kadiri mahitaji mengine yanavyobana.

Kwa hiyo kuna namba tatu tofauti: iliyoidhinishwa, iliyotolewa, na iliyotumika. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huziweka wazi kila mwaka kwa taasisi mbalimbali, na pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni jambo la kawaida kulikuta. Bajeti inaweza kukatwa bila mtu yeyote kutangaza kuwa imekatwa. Fungu likiingia Mei, na sheria ya manunuzi inataka zabuni, na vipuri vinaagizwa nje, mwaka umekwisha kabla boksi halijafika bandarini Dar es Salaam, seuze Kigoma.

Kuna jambo la kihistoria pia. Zamani meli za maziwa makuu zilikuwa chini ya shirika la reli: kwanza la Afrika Mashariki, kisha, baada ya Jumuiya kuvunjika 1977, Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 1999 idara ya meli ikatengwa ikawa kampuni ya Serikali yenye makao yake Mwanza, iliyofahamika kwa miaka mingi kama MSCL na ambayo siku hizi inaitwa TASHICO. Kampuni maana yake inatarajiwa ijiendeshe. Uza tiketi, nunua mafuta, lipa watu, tengeneza meli. Meli inayosafiri huweza kujaribu. Meli iliyosimama haiuzi tiketi, na gharama zake haziishi.

Dhana: Wafanyakazi ni wengi kuliko kazi, wapunguzwe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapokosea zaidi.

Chombo cha abiria kina idadi ya chini ya mabaharia wenye vyeti ambao bila wao hakiruhusiwi kung'oa nanga. Nahodha na wasaidizi wake, mhandisi mkuu na wasaidizi wake, mabaharia wa sitaha, wa chumba cha mitambo. Idadi hiyo hupangwa kwa usalama, haipangwi kwa kuangalia kama siku hiyo kuna abiria wengi au wachache. Ofisini ukimwondoa karani mmoja, waliobaki watagawana mafaili na foleni itarefuka. Melini ukimkosa mhandisi mwenye cheti kinachotakiwa, safari haipo. Na vyeti hivyo haviishi milele. Vile vya kimataifa vya mabaharia huhuishwa kila miaka 5, na kuvihuisha kunataka kozi, ada na muda wa kuwa kazini majini. Baharia ambaye meli yake imefungwa gatini muda huo anaupata wapi?

Tukumbuke na mambo yaliyozikumba taasisi zote za umma. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa. Sina ugomvi na uhakiki. Aliyeghushi cheti hana haki ya kulalamika. Lakini mtu akiondoka, awe ameghushi au amestaafu kwa heshima zake akiwa na miaka 60, nafasi haijazi yenyewe. Taasisi inatakiwa iwe na ikama, yaani idadi ya watumishi, iliyoidhinishwa, iombe kibali cha ajira, kibali kitoke, nafasi itangazwe, usaili ufanyike. Katikati ya hapo mtu anakaimu. Wengine hukaimu mpaka jirani zao husahau kuwa cheo si chao.

Na kuna ujuzi usioandikwa kwenye cheti. Ingia chumba cha mitambo cha meli ya zamani: joto, harufu ya dizeli, kelele za kukufanya uongee kwa mikono. Fundi mzee anachukua bisibisi ndefu, anaigusisha ncha kwenye kava la injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Anasikiliza beringi. Anahama silinda moja hadi nyingine kama daktari anayepima kifua, kisha anamwonyesha kijana kwa kidole: hii. Kijana naye anaweka sikio, mara ya kwanza hasikii tofauti yoyote. Itamchukua safari nyingi kuisikia. Mzee akistaafu kabla kijana hajaajiriwa, hakuna daftari linaloweza kuyarithisha masikio yale.

Chembe ya ukweli iko wapi? Ni kweli watu waliwaona mabaharia wanakuja kazini wakati meli haiendi popote, wakajiuliza wanalipwa kwa kazi gani. Meli iliyosimama bado inaingiza maji kidogo kidogo, inahitaji pampu, ulinzi wa usiku, kamba kukazwa upepo ukivuma, injini kuzungushwa zisigande. Ukiwaondoa watu wote ili kubana matumizi, asubuhi moja utaikuta imelala upande.

Dhana: Huduma isiyoleta faida haina haja ya kuwepo

Anayesema hivi mwulize kuhusu Kagunga. Mei 2015, machafuko yalipotokea Burundi, makumi kwa maelfu ya watu walivuka wakajazana kwenye kijiji hicho cha ufukweni, mpakani kabisa, chini ya milima mikali. Hakukuwa na barabara ya kuwatoa. Kipindupindu kikaingia. Chombo kilichowatoa kwa wingi ni Liemba, ikibeba mamia kwa safari moja kwenda Kigoma mjini na kurudi tena. Mwaka 1997 ilikuwa imefanya kazi kama hiyo kwa upande mwingine, ilipowarudisha makwao Kongo zaidi ya wakimbizi 75,000.

Hakuna kitabu cha mapato na matumizi chenye safu ya kuandika jambo kama hilo. Wala hakina safu ya mama wa Kalya anayetaka kufika hospitali ya mkoa. Barabara ya lami hatuihesabu hasara kwa sababu haiuzi tiketi. Sijui kwa nini njia ya maji tunaipimia mizani ya duka.

Dhana: Boti za mbao zimeshaziba pengo

Zimeziba sehemu yake, na wenye boti wanastahili shukrani kwa hilo. Bila wao vijiji vya kaskazini na kusini ya mji vingekwama kabisa.

Ila tuangalie kazi iliyokuwa ikifanyika. Meli ilikuwa inashuka kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na vituo vyake vingi havikuwa na gati. Usiku wa manane inapiga honi mbele ya kijiji, inasimama kwenye maji ya kina, na taa ndogo zinaanza kutoka ufukweni. Ni mitumbwi na boti zinazopiga makasia kuiwahi. Zinagombania ubavu wa meli, mtu anarusha kamba, mtoto anapokezwa mkono kwa mkono hadi mlangoni, bibi anavutwa kwapani, magunia ya dagaa yananyanyuliwa kwa winchi ya mbele na madumu ya mawese yanateremka. Baada ya muda honi nyingine, na asiyeshuka atashukia kijiji kinachofuata. Boti za mbao zilikuwa sehemu ya mfumo huo: zilileta watu kwenye meli. Meli iliposimama ziliachiwa safari nzima, zikiwa na injini ya nje ya nguvu ndogo, bila sehemu ya kujikinga, kwenye ziwa ambalo pepo za kusini za kiangazi huliamsha mawimbi ya kutisha. Gunia nalo likisafiri hivyo, nauli yake inaingia kwenye bei ya dagaa.

Lakini nisimpake mafuta mtu. Chombo kuwa cha umma hakikifanyi kiwe salama. MV Bukoba iliyozama Mei 1996 ilikuwa ya umma. Kivuko MV Nyerere kilichopinduka Ukara Septemba 2018 na kuua watu 228 kilikuwa cha umma. Usalama unatoka kwenye ukaguzi, idadi halali ya abiria na mtu mwenye mamlaka ya kusema leo hatuondoki. Vyote vitatu vinahitaji watu wanaolipwa.

Dhana: Ziwa ni la kina, njia yake haina gharama

Kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470, na katikati meli haigusi kitu. Shida iko pembeni, mahali ambapo meli inakutana na nchi kavu. Milima inamomonyoka, mito inaleta tope, na tope linatua kwenye ghuba.

Kibaya zaidi, kimo cha maji hakitulii. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa mashapo, ziwa likajaa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1870 ukafunguka na maji yakashuka takribani mita 10 katika miaka iliyofuata. Nenda Ujiji pale ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, halafu tembea hadi ufukweni leo, ndipo utaelewa. Upande wa pili, kati ya 2020 na 2021 maji yalipanda yakaingia majumbani na bandarini, kuanzia kwetu Kigoma hadi Bujumbura. Gati lililojengwa kwa kimo kimoja linatakiwa lihudumie vimo vyote hivyo. Hiyo ni fedha ya kila mwaka, haiishi siku ya kukata utepe.

Dhana: Wa kulaumiwa ni mmoja

Kwa kifupi: bandari ni za TPA, mamlaka ya bandari. Meli za abiria ni za kampuni ya meli. Ukaguzi wa usalama ni wa TASAC, shirika la uwakala wa meli. Kivuko cha Ilagala ni cha TEMESA, wakala wa ufundi na umeme wa Serikali. Hali ya hewa ni ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Ziwa lenyewe ni la nchi 4, zenye mamlaka ya pamoja Bujumbura. Kila mmoja ana bajeti yake na ikama yake, na mmoja akikatwa wengine wanachechemea. Reli nayo imo: mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 yalipoikata Reli ya Kati, mzigo wa kuja Kigoma ulikosa njia, na meli bila behewa haina cha kupakia. Kumpigia kelele mkata tiketi wa gatini ni kumwonea.

Dhana: Haya ni matatizo ya nchi maskini

Uingereza ina mifereji ya usafiri iliyochimbwa tangu karne ya 18. Mwaka 2012 Serikali yao iliitoa mifereji ya England na Wales, takribani kilomita 3,200, mikononi mwa shirika la umma ikaikabidhi kwa taasisi ya hisani, Canal & River Trust, pamoja na ruzuku ya miaka 15. Hoja ilikuwa ile ile tunayoisikia hapa: watajitafutia. Julai 2023 wakatangaziwa kuwa baada ya 2027 ruzuku itapungua mwaka hadi mwaka. Taasisi ikalia kwamba, ukihesabu mfumuko wa bei, itapoteza zaidi ya pauni milioni 300 katika miaka 10.

Nao wana mfano wao wa tengenezo lililoahirishwa. Agosti 2019 njia ya kumwagia maji ya bwawa la Toddbrook, linalolisha mfereji, ilibomoka, na watu wapatao 1,500 wa mji wa Whaley Bridge wakahamishwa kwa hofu ya bwawa kupasuka. Uchunguzi ulitaja usanifu mbovu wa tangu zamani, pamoja na matengenezo yaliyokuwa yakifanywa kwa kusuasua. Bwawa lenyewe ni la karne ya 19. Nalo wangeweza kusema limezeeka.

Dhana: Meli mpya zikija, yameisha

Matumaini yapo na nisiyabeze. Meli ya mafuta MT Sangara imekarabatiwa. Mikataba imesainiwa na kampuni ya Uturuki kujenga kiwanda cha meli hapa Kigoma na meli ya shehena ya tani 3,500. Bandari ya Karema, mkoani Katavi, imejengwa kwa karibu shilingi bilioni 48 ikilenga mzigo wa Kongo. Reli ya kisasa kutoka Tabora kuja Kigoma, kilomita 506, ina mkandarasi tangu Desemba 2022.

Ila hesabu ya mtu haiendi sambamba na hesabu ya chuma. Kijana wa Kigoma anayetaka kuwa nahodha au mhandisi wa meli ataenda Chuo cha Bahari, Dar es Salaam. Atasoma, atapanda meli kama mwanafunzi, atafanya mtihani wa daraja la kwanza analoruhusiwa, arudi majini apate uzoefu, afanye wa pili, na kadhalika, miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa chombo cha ukubwa huo. Wakati huohuo mabaharia wanaolijua ziwa hili, wanaojua mawe yaliyojificha karibu na vijiji na upepo wa kila rasi, wanafikisha miaka 60 mmoja baada ya mwingine. Vibali vya kuajiri vijana wa kukaa nao vinatakiwa kuombwa kwenye bajeti za miaka ya ujenzi, meli ikiwa bado mabati. Hotuba ya Wizara ikisomwa tena, watu wa Kigoma wasiishie kwenye ukurasa wa bei ya meli. Waulize ni mabaharia na mafundi wangapi walioombewa kibali mwaka huu, na wangapi wa mwaka jana waliripoti kazini.